Kurudi Nyuma si Woga

Msomaji aliyepata kufika Matema, kaskazini ya Ziwa Nyasa, ameyaona kwa macho yake baadhi ya haya tunayotaka kuyaeleza. Mwambao wa ziwa hilo katika wilaya ya Kyela ni nchi tambarare yenye rutuba, nchi ya mpunga, kakao na migomba, nayo iko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Lakini upande wa mashariki, pale pale ukingoni mwa maji, Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, ikapanda hata kupita mita 2,000. Upande wa kaskazini uko Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960. Na upande wa magharibi, kuelekea Ileje, ni vilima juu ya vilima. Upepo utokao kusini huja umebeba unyevu wa ziwa, nao ukiisha kuzigonga kuta hizo hauna pa kwenda ila juu. Huko juu hupoa, mawingu yakafanyika, na mvua ikanyesha. Ndiyo sababu nchi hiyo ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa katika Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika mahali pengi. Na katika masika mtu aweza kuamka asubuhi asiuone mlima ambao jana ulikuwa mlangoni pake.

Basi na tufikiri jambo moja. Katika kijiji kimojawapo cha chini ya milima hiyo, ambako njia nyepesi ya kutokea ni mtumbwi au boti, mama mmoja ameshikwa na uchungu wa uzazi tangu jana, na sasa damu inamtoka kupita kiasi. Ziwa limechafuka. Barabara imejaa matope na mto umefurika. Jamaa wamekusanyika, na mmoja wao anasema: "Laiti ingekuja ndege!" Simu inapigwa huku na huku, na jawabu linakuja kwamba ndege ipo, rubani yupo, lakini milima imefunikwa na wingu, hawezi kuja mpaka pakunjuke. Je, watu wale watasema nini? Aghalabu watasema: "Rubani ameogopa. Amemwacha mtu afe."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulipima katika makala haya. Ni neno la uchungu, na mwenye kulisema anastahili kuhurumiwa. Walakini si neno la haki, na mara nyingine limewaua watu wengi badala ya kumwokoa mmoja.

Ndege zitumwazo kuokoa

Fikra ya kumfikia mgonjwa kwa ndege si ngeni katika nchi zetu. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliunda lile shirika ambalo leo twalijua kwa jina la AMREF. Huduma yake ya madaktari waendao kwa ndege ilifanya makao Nairobi, na kwa ndege ndogo na simu za upepo ikawafikia watu waliokuwa mbali na hospitali kwa safari ya siku nyingi. Hapana awezaye kuhesabu ni watoto wangapi wanao mama zao leo kwa sababu ya kazi hiyo.

Lakini kazi hiyo huwadai watu roho zao. Tarehe 7 Agosti 2025 ndege ya wagonjwa ya shirika hilo iliondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Hargeisa, na muda mchache baadaye ikaanguka juu ya makazi ya watu huko Mwihoko, katika kaunti ya Kiambu. Watu wanne waliokuwa ndani walikufa, na wawili waliokuwa chini pia. Mwaka ule ule, tarehe 24 Desemba, helikopta iliyokwenda kuwachukua wagonjwa katika Mlima Kilimanjaro ilianguka karibu na kambi ya Barafu, mahali palipo juu ya mita 4,000. Walikufa watu watano: rubani, daktari, kiongozi wa wapanda mlima, na wageni wawili waliokuwa wakiokolewa.

Hatuyataji haya ili tumhukumu mtu. Kutafuta sababu ya ajali ni kazi ya wachunguzi wenye ujuzi wao. Twayataja ili msomaji ajue kwamba yule daktari na yule rubani wanapopanda ndege kumfuata mgonjwa hawaendi matembezini. Wao pia wana wake, waume na watoto wanaowangoja nyumbani.

Ukungu humfanya nini rubani?

Wengi wetu hudhani kwamba rubani akiingia katika wingu hatari yake ni moja tu, nayo ni kutouona mlima. Hiyo ni hatari kweli, lakini iko nyingine iliyofichika zaidi, nayo imo ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya sikio la mwanadamu mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Kwa mifereji hiyo twajua kwamba tumeinama au tumegeuka, hata tukiwa tumefumba macho. Kwa mtu atembeaye kwa miguu chombo hiki ni kamilifu. Lakini ndege ikipinda polepole na kwa muda mrefu, majimaji yale hutulia, na mtu akahisi kwamba anakwenda sawasawa hali yu katika kupinda. Akiinyosha ndege, huhisi kwamba sasa ndipo inapopinda, tena upande wa pili. Basi huirudisha kule kule kwenye hatari akidhani anaiponya. Mchana mweupe macho humsahihisha, kwa sababu ayaona maji, ardhi na upeo wa mbingu. Ndani ya wingu macho hayana la kushuhudia, na sikio hubaki likisema uongo peke yake.

Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilijaribu jambo hili. Waliwachukua watu 20 waliokuwa hawajafundishwa kurusha ndege kwa kutazama mitambo tu, wakawawekea hali iliyo mfano wa kuwa ndani ya wingu. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Na kwa wastani ulipita muda wa sekunde 178, yaani dakika tatu kasoro sekunde mbili. Muda huo ni mchache kuliko unaotosha kuchemsha birika la chai.

Lakini majaribio yale yalikuwa na sehemu ya pili, na sehemu hiyo ndiyo yenye faida kubwa. Watu wale walifundishwa neno moja jepesi: mara ujionapo umeingia winguni, usiyasikilize masikio yako, itazame mitambo, igeuze ndege taratibu, urudi ulikotoka, kule ulikoacha mwanga. Walipokwisha kujifunza hivyo, karibu mara zote walitoka salama. Kwa hiyo kurudi nyuma ni ufundi wenyewe, nao hufundishwa na hujifunzwa.

Kwa helikopta shida huzidi. Ndege ya kawaida ikiachwa huwa na tabia ya kutulia angani kwa kadiri fulani. Helikopta nyingi hazitulii hivyo, bali hutaka mkono wa rubani kila nukta. Tena helikopta ya wagonjwa hupita chini, karibu na miti, nyaya na miteremko ya milima, kwa sababu pale inapoitwa hapana uwanja wa ndege. Wingu likishuka, rubani naye hushuka ili apite chini yake. Likishuka tena, naye hushuka tena. Mpaka mwisho kati ya wingu na mlima hapana nafasi iliyobaki.

Usiku wa tarehe 27 Septemba 2008, katika jimbo la Maryland huko Marekani, helikopta ya polisi iliwachukua wasichana wawili walioumia katika ajali ya gari. Hali ya hewa ikaharibika njiani, na ukungu ukatanda. Rubani alitaka kugeuza njia aende kutua uwanjani, lakini kabla hajafika helikopta ikaanguka msituni. Katika watu watano aliokoka mmoja tu, na huyo alikuwa mmoja wa wale wasichana. Baada ya msiba huo swali zito likaulizwa: je, majeruhi wale hawakuweza kupelekwa kwa gari? Mwaka 2008 ulikuwa mwaka mbaya kabisa kwa helikopta za wagonjwa katika nchi ile, na mwaka 2014 serikali ikatangaza sheria mpya: hatari ya safari ipimwe kwanza kabla ya kuruka, na helikopta hizo ziwe na chombo cha kupima umbali wa ardhi iliyo chini na chombo cha kumwonya rubani anapokaribia mlima.

Jina moja, misiba miwili

Watu wa Ziwa Nyasa nao wana mafunzo yao wenyewe, waliyoyanunua kwa thamani kubwa. Wazee wa mwambao walilijua jina la meli iliyoitwa Vipya. Mwishoni mwa Julai 1946, meli hiyo ikiwa bado katika safari zake za mwanzo, ilipatwa na dhoruba katika sehemu ya kaskazini ya ziwa, upande ambao sasa ni wa Malawi, ikazama. Watu 145 walikufa. Mwambao ule ni mmoja, na mpaka wa Songwe hauwatenganishi watu na misiba yao.

Meli ile ilipewa jina la milima ya Vipya, iliyo kaskazini ya Malawi. Na katika milima hiyo hiyo, tarehe 10 Juni 2024, ndege ya jeshi la Malawi ilianguka katika msitu wa Chikangawa. Ndani yake walikuwamo watu tisa, na miongoni mwao Makamu wa Rais wa nchi hiyo, Saulos Chilima. Ilitoka Lilongwe kwenda Mzuzu, kwani wasafiri wale walikuwa wakienda mazikoni Nkhata Bay, kando ya ziwa. Ilipokaribia Mzuzu hali ya hewa haikuruhusu kuuona uwanja, na waongozaji wa ndege wakamwambia rubani asitue, arudi Lilongwe. Baada ya hapo mawasiliano yakakatika. Mabaki yalipatikana siku iliyofuata, na hapana aliyeokoka.

Ndege hiyo haikuwa ya wagonjwa, lakini fundisho lake latuhusu. Hapa amri ya kurudi ilitolewa, lakini ilitolewa wakati ndege imekwisha kuwa katika milima na mawingu. Kwa hiyo haitoshi kusema "akiona vibaya atarudi." Kurudi kwenye faida zaidi ni kule kunakokuja mapema, na kulio bora kuliko kote ni kule kwa mtu ambaye hajaondoka. Yule rubani wa Kyela tuliyemfikiria mwanzo, aliyesema hatakuja mpaka pakunjuke, amerudi nyuma kabla ya kupanda.

Kwa nini rubani haambiwi?

Ipo desturi njema iliyowekwa na mashirika mengi ya ndege za wagonjwa, na yafaa kila nyumba iijue. Wito unapokuja, rubani huulizwa kwanza kuhusu hali ya hewa na njia tu. Haambiwi kwamba anayengojewa ni mtoto mchanga, au mama anayetokwa na damu. Sababu ni kwamba moyo wa mwanadamu ukiisha kusikia kilio cha mtoto, macho huanza kuliona wingu kuwa jepesi kuliko lilivyo. Desturi ya pili ni hii: katika walio ndani ya ndege, akiwa mmoja tu amesema "Turudi," wote hurudi, hata kama aliyesema ni muuguzi na aliyenyamaza ni rubani mwenye miaka thelathini katika kazi; wala hapana wa kumwuliza wala kumcheka.

Baadhi ya wasomaji wataona kwamba desturi hizi hazina huruma. Lakini huruma yake ni kwa watu wengi zaidi. Ndege ikianguka, mgonjwa hapati tiba, daktari hafi peke yake, na wilaya nzima hubaki bila ndege siku ile mgonjwa wa pili atakapoihitaji.

Je, huku si kuikimbia kudura?

Hapa huenda ndugu mmoja akasema: "Ajali ni kudura. Kama siku yake imefika atakufa hata kitandani. Na kama haijafika atapita katikati ya wingu salama. Basi rubani na atawakali kwa Mungu, aje."

Swali hili si jipya. Seyyidna Umar (r.a.) aliulizwa mfano wake katika siku za ukhalifa wake. Alikuwa njiani kwenda Sham pamoja na Maswahaba, na walipofika Sargh walipata habari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akafanya mashauri na Muhajirina, kisha na Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na shauri moja, kwamba arudi na watu wake. Akaamua kurudi. Ndipo Abu Ubaida, mtu mkubwa katika Maswahaba, alipomwuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kwamba wanaikimbia kudura moja kuiendea nyingine, na yote ni ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji ambaye akishuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja wa malisho na mmoja mkavu, upande wowote atakaochunga haujatoka katika kudura. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, akawaeleza kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akikataza kuingia katika nchi yenye tauni na kukataza kuikimbia kwa aliye ndani yake. Umar akamhimidi Mungu, akarudi.

Je, yuko atakayesema kwamba Umar alikuwa mwoga? Mtu yule ambaye ushujaa wake wajulikana na rafiki na adui aligeuza msafara mzima wa watu, kwa sababu roho zao zilikuwa amana mikononi mwake. Na sote twakijua kisa cha yule aliyefundishwa na Mtume wetu kwamba amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali. Kwa rubani, kufunga ngamia ni kuitazama mbingu kabla ya kuwasha mtambo.

Yatupasayo majumbani

Ikiwa yatupasa kumpa rubani haki ya kusema hapana, basi nasi tuna wajibu wetu: tufanye bidii ili maisha ya mtu yasitegemee ndege moja katika siku ya ukungu.

Kwanza, mume mwenye mke mjamzito, na mama mkwe mwenye mkwe mjamzito, wasingoje uchungu ndipo wafikiri safari. Mwenye kukaa mbali na hospitali, na hasa katika masika, ahamishiwe mapema kwa jamaa walio karibu na hospitali, au katika nyumba ya kungojea wazazi pale inapokuwapo. Fedha za safari ziwekwe kando tangu miezi ya mwanzo. Na ijulikane nyumbani, hata na watoto wanaojua kutumia simu, namba 115, ambayo hupigwa bila malipo katika mpango wa m-mama wa Tanzania. Mpokeaji wa simu hiyo huwatafutia mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga gari la wagonjwa, au dereva wa kijamii aliye karibu.

Pili, tusiwalazimishe waokoaji. Haya si kwa rubani peke yake. Mwenye boti wa Matema akisema, "Ndugu zangu, ziwa limechafuka, tungoje lipoe," asitukanwe wala asizidishiwe nauli ili akubali. Dereva akisimama mbele ya mto uliofurika, asiambiwe kwamba mwenziwe jana alipita. Mwenye kushawishiwa kwa fedha au kwa machozi akaondoka, akizama, atazama na mgonjwa wetu.

Tatu, siku itakapokunjuka na helikopta ikaja, tujue adabu zake. Ichaguliwe nafasi pana, tambarare, isiyo na nyaya wala miti mirefu. Mabati, makuti, nguo zilizoanikwa na kila chepesi kiondolewe, kwa maana upepo wake hurusha vitu kama tufani. Watoto washikwe mbali. Asikaribie mtu mpaka rubani ampungie mkono. Na anayekwenda apite mbele, anakoonekana na rubani, ameinama, kofia na kanga zikiwa zimeshikwa sawasawa. Upande wa nyuma asipite mtu kabisa, kwa sababu huko pana panga linalozunguka kwa kasi hata lisionekane. Na ikiwa ardhi ina mteremko, mtu aikaribie kutoka upande wa chini, asiteremke kutoka upande wa juu, kwani huko mapanga makubwa huwa karibu na kichwa.

Nne, watu wa mwambao wajue kwamba wao ndio waokoaji wa kwanza. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ya Precision Air, ikiwa na watu 43, iliangukia Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Waliofika mwanzo kabisa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, na 24 wakaokoka. Kijana wa Kyela ajuaye kuogelea, mwenye boti iliyo nzima na majaketi ya kuokolea, amekwisha kujiandaa kwa siku asiyoijua.

Vijana wetu, mnapenda kusikia habari za mashujaa, na ni vyema. Lakini jifunzeni kumtambua na shujaa huyu mwingine, ambaye hatupigiwi habari zake: rubani aliyelitazama wingu juu ya Milima ya Livingstone, akaujua uchungu wa wale wanaomngoja, akaizima injini yake, akaketi kando ya ndege kungoja mwanga, tayari kuondoka mara tu mlima utakapoonekana. Huyo amevumilia lawama ili awaokoe watu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa wakienda kuwaokoa wenzao, awape subira jamaa zao, awaponye wagonjwa wetu walio mbali na tabibu, na atujaalie akili ya kujiandaa kabla ya siku ya shida. Amin.